Nguo ishonwe ivulike: burleski ya London kwa anayecheza na anayetazama

Habarini wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Mama, kama uko hapa, video ya leo iruke, nenda kwenye ile ya mandazi. Wengine vuteni viti.

Wiki hii ujumbe wenu umekuja wa namna mbili. Kuna dada mmoja yuko Leeds, mtoto wa Mombasa, anasoma darasa la burleski, yaani mchezo wa jukwaani wa kuvua nguo kwa madaha na utani, onyesho lake la kwanza limekaribia na roho iko mkononi. Halafu kuna kaka wa Arusha anakuja London kikazi. Wenzake wamemkatia tiketi ya burleski, sasa anauliza atakaa vipi, macho atayaweka wapi, na je, mkewe akisikia atamwelezaje. Nawajibu wote wawili humu humu, maana shida ya mmoja mara nyingi inatoka kwa mwenzake.

Kwa mgeni hapa: mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni nguo za jukwaani. Usiku wa onyesho nakuwa nyuma ya pazia na sindano yangu. Siku nyingine natoka kati ya mchezo na mchezo kuokota glavu na soksi zilizoachwa sakafuni. Usicheke, kazi ya kuokota inalipwa, na watu wanaigombea.

Tutoe tongotongo kwanza. Burleski ilianza kama kejeli. Mwaka 1868 Mwingereza mmoja, Lydia Thompson, alivuka bahari na kundi lake mpaka New York. Wanawake wamevaa nguo za kubana miguu, wanaigiza nafasi za wanaume, wanawadhihaki wakubwa, na mji mzima ukawa na la kusema. Kuvua kulikuja baadaye Marekani, kukakua, kukaleta kelele, hadi 1937 jiji la New York chini ya Meya Fiorello La Guardia likazinyima kumbi zake leseni. Hii tunayoiona leo ilifufuka miaka ya 1990, na waliofufua wengi ni wanawake wenyewe. Ndiyo maana, kaka wa Arusha, ukiingia utashangaa: akina dada wamejaa kuliko akina kaka, wamepaka wanja, wamevaa lulu, wengine wamekuja na mama zao. Hununui muda wa mtu hapo. Umelipia mchezo wa dakika nne au tano wenye muziki, kisa na nguo.

Na nguo ndiyo yenyewe. Dada wa Leeds, sogea karibu na skrini.

Fundi wa nyumbani anafundishwa kushona nguo isifunguke. Mimi nashona nguo ifunguke kwa mkono mmoja, taa zinawaka usoni, vidole vina jasho na mvaaji anatabasamu. Ona hii koseti. Nyuma ina kamba, mbele ina vyuma vinavyoshikana, jike na dume. Wengi wanaoanza wanadhani inavuliwa kwa kamba za nyuma, wanageuka geuka pale jukwaani kama mtu anajikuna mgongo. Kamba unalegeza kidogo tu. Kisha unashika pande mbili za mbele, unazibana zikaribiane, kama unataka kuikaza zaidi... hivi... sikia, tak, tak, tak. Vimeachia. Usivute kwenda nje. Ukivuta nje, chuma kinazidi kung'ang'ania na wimbo unaendelea bila wewe.

Glavu ndefu nazo zina siri yake. Teremsha kwanza sehemu ya juu mpaka ipite kiwiko. Sasa rudi vidoleni, vuta ncha ya kila kimoja kidogo kidogo, usimalize hata kimoja. Vyote vikishalegea, vuta cha kati, glavu nzima inakuja. Ndani tia poda, na ununue kitambaa kinachovutika. Satini isiyovutika ikikutana na jasho inakuwa ngozi ya pili. Glavu moja ukiijua inaweza kukupa nusu ya wimbo. Gypsy Rose Lee alipata jina Marekani nzima miaka ya 1930 kwa kupiga porojo na kutania watu huku akivua kidogo sana. Haraka ya nini?

Halafu hili, jamani, nalisema kwenye kila darasa: chupi inavaliwa juu ya mkanda wa soksi, ule wa kiunoni unaoshikilia soksi ndefu. Juu! Ukiivaa chini kama siku zote, ikifika zamu yake itabidi ufungue vishikizo vyote vinne vya soksi mbele ya watu. Na sitaki kuona vile vishikizo vidogo vya sidiria kwenye gauni la jukwaani. Weka vile vikubwa vya kiuno cha suruali, au vifungo vya kubonyeza. Zipu ipake mshumaa. Ule mkanda wa kunata unaokwaruza, ule wa viatu vya watoto, mimi siutumii: unapiga kelele na unakamata soksi. Kisha fanya mazoezi na nguo yote, viatu vyote, kucha zile zile utakazovaa siku hiyo. Kucha za bandia zimeshawaliza watu nyuma ya pazia. Ulijifunza kufungua kwa kucha fupi, ukaenda kubandika siku ya onyesho, vidole vimekuwa vya mtu mwingine.

Sasa vibandiko vya chuchu. Najua, najua. Lakini hapa ndipo watu wanapoumia, tuongee. Mnaovaa wigi za lesi mna nusu ya elimu tayari, kwa sababu gundi na tepu za wigi ndizo wengi wanazotumia. Ngozi iwe kavu na safi, ifutwe kwa spiriti. Hakuna losheni, hakuna mafuta ya nazi, hata yale uliyopaka asubuhi ukasahau. Siku moja kabla, paka gundi kidogo ndani ya mkono ulale nayo uone. Gundi nyingi za kope zina mpira wa lateksi, na kuna watu ngozi yao haiutaki kabisa. Ukimaliza onyesho usibandue kwa kuvuta kama plasta. Tia mafuta ya mtoto pembeni, subiri, yatembee yenyewe. Na kama unabandika stoni zako mwenyewe, yale mawe ya bandia ya kumetameta, fungua dirisha. Zile gundi kali zina moshi wa kukutoa machozi.

Kwa sisi weusi kuna jambo lingine. Dukani ukiona soksi au neti imeandikwa rangi ya mwili, uliza: mwili wa nani? Wacheza baleti weusi walipaka viatu vyao vipodozi miaka na miaka, mpaka 2018 kampuni ya Freed ya hapa London ilipotoa viatu vya rangi ya kahawia pamoja na kundi la Ballet Black. Na sisi dawa yetu ni kutia rangi. Neti ya nailoni inashika rangi vizuri. Chovya kipande kwanza, kikauke, kiweke kwenye kifua chako chini ya taa, usipime kwenye mkono ulioungua jua. Taa nazo usiache fundi wa ukumbi aamue peke yake. Mwambie unataka joto, kaharabu au waridi. Taa ya kijani inatutoa majivu. Mtangulizi wetu mmoja ni Toni Elling wa Detroit, aliyejipa jina la jukwaani kwa heshima ya rafiki yake, mwanamuziki wa jazi Duke Ellington. Alicheza enzi ambazo mlango fulani ulifungwa kwa sababu ya rangi tu. Kumwomba fundi taa nzuri si kujidai.

Kabla hujakubali kazi, andikiana na mwenye onyesho. Ujumbe wa simu unatosha, ila uwe maandishi: malipo kiasi gani na lini, nauli ya nani, wakiahirisha inakuwaje, nani anapiga picha na zitakwenda wapi, chumba cha kuvalia kina mlango unaofungwa au ni stoo ya bia. Tuma muziki mapema, faili lipewe jina lako, na nakala uwe nayo kwenye flashi. Mwandikie mtu wa taa mistari mitatu: naanzia wapi, giza linaingia lini, nguo zangu ziko sakafuni au kitini. Kama unamwaga vumbi la kumetameta au petali, sema kabla. Anayekufuata labda ananing'inia kwenye kitambaa cha angani, au anacheza na kisigino cha inchi sita. Ukimwaga kimya kimya, ufagio utaletewa wewe.

Uliza pia ukumbi umekaaje kisheria. Zamani hapa Uingereza maonyesho ya jukwaani yalikaguliwa na ofisi ya Lord Chamberlain, afisa wa nyumba ya kifalme. Pale ukumbi wa Windmill, Soho, hapa London, wanawake waliruhusiwa kuwa uchi mradi wasimame kama sanamu, hata kidole kisicheze. Ukaguzi ule uliondolewa 1968. Siku hizi, kwa England na Wales, kuna sheria ya 2009 inayoziruhusu halmashauri kudai leseni maalumu kwa kumbi za burudani ya kingono. Ukumbi wenye maonyesho ya aina hiyo yasiyozidi 11 kwa miezi 12, yanayopishana kwa mwezi angalau, umesamehewa. Burleski haihesabiwi humo moja kwa moja, inategemea onyesho lenyewe, kwa hiyo mwenye ukumbi ndiye awe na jibu, na akianza kugugumia, wewe tafuta ukumbi mwingine. Na mnaotazama kutoka nyumbani, haya ni mambo ya huku. Sijamwambia mtu akavue Mwembeyanga, msije mkaniletea kesi.

Haya, kaka wa Arusha. Zamu yako.

Cha kwanza ni kelele. Watu wetu ughaibuni tunakuwa na adabu kupita kiasi, tunakaa kimya kama tuko kwa mkwe. Mchezaji wa burleski akivua glavu na ukumbi ukanyamaza, anahesabu amekosea. Piga makofi, piga mluzi. Kama umekuja na dada zako, wapige vigelegele, Waingereza hawana kitu kama kile, na nimeona ukumbi mzima ukigeuka kuangalia sauti imetoka wapi, halafu mchezaji akaongeza madaha. Shangilia anachofanya: mkono ule, mgeuko ule, pepeo la manyoya ya mbuni lilivyofungwa kwa wakati. Kupayuka juu ya mwili wake, mnene, mwembamba, kovu, tumbo la uzazi, hapana. Hata ukidhani unasifu.

Cha pili ndicho kinachotutofautisha na nyumbani. Sisi kwenye taarabu mwimbaji akikugusa na mipasho, unainuka, unakwenda na noti yako, unamtuza mkononi au unambandika kwenye paji la uso, unarudi kwa mwendo. Ni heshima, na asiyetuzwa anasikitika. Hapa London ukiinuka na noti kumwendea mchezaji, mlinzi atakufikia kabla hujafika. Hawajui unachofanya, na yeye jukwaani ana hatua alizohesabu, ana visigino, pengine amefumba macho. Marekani kuna maonyesho yenye ndoo ya bakshishi inayozungushwa, mshereheshaji atakwambia. Ukiona ndoo, tia. Usipoiona, pesa yako ipeleke kwenye tiketi ya onyesho lijalo.

Mikono ikae kwako. Akikaa mapajani mwako, akakufuta jasho kwa glavu, yeye ndiye aliyekuja, wewe bado hujaruhusiwa kushika. Hutaki kuguswa? Tikisa kichwa, atapita, hakuna atakayekuzomea. Usipende mambo hayo kabisa, basi usikae mstari wa mbele, kaa wa tatu uone vizuri bila kuwa sehemu ya mchezo. Soksi ikirushwa ikaangukia miguuni pako, iache. Si zawadi. Nitakuja kuichukua, na ina stoni nilizobandika moja moja kwa kibano.

Simu. Mshereheshaji atasema mwanzoni kama picha zinaruhusiwa, na asiposema, jibu ni hapana. Wengi wa hawa mchana ni walimu, wauguzi, wanasheria. Picha moja kwenye kundi la wafanyakazi wenzako inaweza kumfikia mwajiri wa mtu. Wakiruhusu picha, zima mwanga, na ukiiweka mtandaoni taja jina lake la jukwaani.

Mkeo mwambie ukweli kabla hujaenda. Au mpigie video mpaka mlangoni aone foleni ya akina mama waliovaa manyoya.

Na jina lile la jukwaani ndilo unalolijua wewe. Ukimkuta asubuhi kwenye basi na sare ya hospitali, salamu ya kawaida inatosha, usimuulize mbele ya abiria kama si yeye jana.