Alhamdulillahi ya mbalamwezi (mhadhara baada ya alasiri, Sahare, Tanga)

Assalamu alaykum wazee wangu, kina mama, na nyie vijana mliokaa kule kwenye viatu sogeeni jamani, ndani kuna nafasi.

Leo ni shukrani, na sikai sana maana wengine humu usiku mnaingia baharini. Sasa sisi watu wa Tanga alhamdulillahi tunaisema mpaka imeisha ladha, unamuuliza mtu habari za toka jana, alhamdulillahi, watoto je, alhamdulillahi, na ukimtazama usoni unaona kabisa nyumbani jiko halijawashwa. Sio mbaya. Ila kuna watu wanadhani ukishaisema basi huna ruhusa tena ya kusema umeumia, hilo mimi nalikataa.

Nabii Ayubu, Suratul Anbiya aya ya 83, alimlilia Mola wake kwamba yamempata madhara, hakuficha kitu. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Na bado Ayubu huyohuyo kwenye Surat Saad anasifiwa kwa subira. Kwahiyo ukienda msibani Makorora ukamkuta mama kafiwa na mwanawe usianze na "shukuru Mungu, wenzio wana makubwa zaidi", kaa nae, mchotee maji, nyamaza.

Haya, tuje kwenye riziki. Suratun Nahl aya ya 14, Mungu katutiishia bahari tule nyama laini humo na tupate kushukuru. Hiyo nyama laini hapa haihitaji tafsiri, changu katoka kwenye ngalawa mkia bado unapiga. Lakini dagaa je, si mnajua, giza likiwepo wanaifuata taa wenyewe, ikija mbalamwezi taa haina kazi, boti zinalala mchangani siku kadhaa vijana wanashona nyavu na madeni dukani yanapanda. Mwenye shukrani utamjua siku hizo. Ananung'unika sana tu, ila hamsahau aliyemkopesha mafuta ya injini wala mwenye duka aliyempa unga akasema utalipa ukipata.

Mtume s.a.w. kasema asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na hapa kina baba tuna deni kubwa kuliko la dukani. Yule mkeo anachemsha dagaa kwa maji ya chumvi moshi wote unamwingia machoni, anawaanika, anawageuza, wingu likitanda Raskazone anaacha chakula anakimbia kuwaanua, umeshamwambia ahsante lini? Naona kina mama mnacheka.

Kuna mzee kaniuliza hapo mlangoni, eti ukishashukuru kidogo ulichopata, kuomba zaidi si ndo kukufuru? Hapana mzee wangu. Nabii Zakaria alimwambia Mola wake mifupa imechoka, kichwa chote mvi, lakini sijawahi kukuomba nikakosa, yaani kashukuru humohumo kwenye maombi, alafu akaomba mtoto, tena mke wake tasa. Na akapewa Yahya. Sasa wewe unaogopa kuomba mashine mpya ya boti?