Mfundishe mwenzio kuurudisha mpira mweupe

Karibuni tena. Leo fimbo ya pool siishiki mimi. Ataishika huyu mwenzangu hapa, ambaye mipira anaiingiza vizuri tu, shida yake ni kwamba mweupe nao unaufuata ule wa rangi mpaka shimoni. Faulo. Tunataka mweupe ugonge, kisha urudi nyuma wenyewe. Kama shuti hili unalipiga siku zote, usidhani tayari unajua kulifundisha. Hizo ni kazi mbili.

Kwanza panga mipira. Wa rangi uwe karibu na shimo, mweupe nyuma yake sentimita 30 hivi, yote kwenye mstari mmoja na shimo. Usimpe umbali mrefu ili kumpima. Mpira ukipigwa chini huondoka unateleza huku ukijizungusha kinyume, na kitambaa cha meza kinaupunguza mzunguko huo njia nzima. Safari ikiwa ndefu, mzunguko unaisha kabla ya kugonga, halafu mwanafunzi anaamini mkono wake ni mbovu.

Sasa uondoe mweupe. Ndiyo, uondoe. Weka mahali pake mpira wenye mstari, na ule mstari uulaze sambamba na meza. Nasogeza kamera muone. Kitovu kiko katikati ya mstari. Ncha ya fimbo iguse humo humo ndani ya mstari, jirani na ukingo wake wa chini. Mpira una kipenyo cha milimita 57, na ukishuka zaidi ya milimita 14 chini ya kitovu, ncha inateleza. Anayeanza milimita 10 zinamtosha kabisa.

Chaki apake kabla ya kila shuti, akiipitisha juu ya ncha taratibu. Chaki ndiyo inayofanya ngozi ya ncha ishike mpira. Ngozi yenyewe anayetajwa kuileta kwenye fimbo ni Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19.

Haya, mwangalie anavyoinama. Mnaona kitako cha fimbo kilivyopanda juu? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukimwambia mtu "piga chini", anainua mkono wa nyuma na kuuchokonoa mpira kutoka juu, unaruka. Usimwambie ashushe kitako, mwambie alaze kiganja cha mkono wa mbele mezani. Kiganja kikishuka, ncha inashuka, na fimbo yote inalala karibu sawa na meza. Tazama tena... sasa imekaa.

Jambo jingine ni kuvuta fimbo. Wanafunzi hudhani mpira unarudi kwa sababu fimbo imerudi, basi wanaichomoa haraka kama waliogusa sufuria ya moto. Ncha na mpira hugusana kwa muda wa kama sekunde moja gawanya kwa elfu, kwa hiyo ukianza kuvuta, mpira ulishaondoka zamani. Ncha ipite mbele, ivuke pale mpira ulipokuwa, itulie hapo.

Usimdai mpira urudi mara ya kwanza. Mdai usimame. Apige chini kidogo tu ya kitovu, mweupe ugonge na kuganda pale pale ulipogongea. Akishaweza hilo, ashushe ncha kidogo, nguvu ile ile.

Na wewe mwalimu? Rudi nyuma hatua mbili, mikono mfukoni. Usimshike kiwiko, wala usinyakue fimbo "nikuonyeshe tena". Mpe neno moja kwa kila shuti. Akikosea, okota mpira mwangalie pamoja: chaki imeacha kidoa. Kidoa kipo katikati ya mstari, maana yake alipiga juu mno, na hana wa kubishana naye.

Subiri... anapiga. Umesimama! Tena. Umesimama. Shusha. Ndiyo... oooh, umerudi! Umemrudia hadi kwenye fimbo! Mtazameni uso, hata hajui kama wa rangi umeingia. Mimi shuti hili likinitii siku hizi sishtuki hata kidogo, lakini hapa nusura niiangushe kamera. Raha hii huipati kwa kushinda mechi, maana mkono si wako na mpira umetii.

Usimpe hotuba sasa hivi. Atataka kupiga tena, mwache apige mpaka achoke. Kisha mrudishie mpira mweupe wenyewe, bila mstari wa kumwongoza, na umbali uwe sentimita 60. Utagoma mwanzoni, ni kawaida. Atakapouliza kwa nini, usijibu upesi; muulize kwanza kidoa cha chaki kiko wapi.