Mkate wa kumimina wa bibi: sukari mwisho, jamani

Assalamu alaykum wapenzi, karibuni tena jikoni kwangu, mwanangu ananirekodi video kwa simu. Leo napika mkate wa kumimina wa bibi yangu mzaa mama. Yeye alifundishwa na mamaake, na mimi nikafundishwa kwa kupigwa mwiko wa mkono. Mkiona mahali nagombeza sana, mjue hapo ndipo nilipopigwa.

Mchele vikombe viwili, nimeuroweka tangu jana usiku. Kuosha sikuonyeshi, mnajua. Natumia basmati. Mchele wa Mbeya naupenda kwa wali, lakini humu naona mkate unakuwa mzito, unanata.

Tui ni la kwanza tu, zito, kikombe kimoja na robo. Nazi hii nimeikuna mwenyewe, mbuzi wa kukunia yule pale nyuma. Bibi angeniona na tui la kopo angenirushia kifumbu cha kuchujia tui. Lakini wewe uliyeko Muscat au London fungua kopo lako, mwenzangu, sikuhukumu.

Haya: mchele nimeuchuja maji, natia kwenye blenda na tui, iliki punje nane zilizotwangwa, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai. Sukari bado! Nimesema sukari bado. Tunasaga mpaka...

Ah! Umeme huo.

Tumerudi. Ni saa nzima imepita, msishangae kanga imebadilika. Sasa chovya vidole, sugua hivi. Ukisikia chenga, saga tena. Bibi alikuwa anatwanga mchele kwenye kinu na kuuchekecha, sisi tunalalamika kwa kubonyeza kitufe.

Uji uwe mzito kidogo kuliko wa chapati za maji. Utaona mzito mno, mkono utakuwasha kuongeza tui. Usiongeze! Sukari ikiingia itaulegeza. Funika, weka penye joto, uumuke.

Hapa nisikilizeni. Mwaka wangu wa kwanza kuachiwa jiko, Idi mosi, nikatia sukari yote tangu mwanzo, nikaenda zangu kupakwa hina. Hamira na sukari wakafanya karamu yao. Uji ukapanda, ukamwagika, ukashuka, ukachachuka. Nikaumimina hivyo hivyo kwa kuona haya. Ukatoka bapa kama sahani, na wageni sebuleni! Bibi aliumega, akatafuna, akauliza, "Huu ni mkate wa siki?" Basi usiondoke. Hina itangoja.

Wangu umechukua dakika arobaini hivi, lakini usiangalie saa, angalia uji. Sogeza simu karibu, mwanangu. Karibu zaidi. Mnaona mapovu madogo madogo juu, na umejaa hewa? Ndiyo sasa. Natia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja nilioupiga ukatoa povu. Nachanganya polepole, nageuza kutoka chini. Basi. Mwiko naweka mbali, kwa sababu mkono hauna adabu.

Sufuria iwe nzito. Mafuta vijiko viwili, yapate moto sawasawa, na jaribu kwa tone la uji: likilia chwaa, mimina kwa mkupuo mmoja. Moto sasa mdogo. Na usikoroge! Jina lake mkate wa kumimina, si wa kukoroga. Usiuguse, usiutikise, usiuchungulie kwa kijiko.

Angalieni vitundu vinavyofunguka, kimoja, kingine, kama macho. Jamani napenda hapa! Nikiwa mdogo nilikuwa navihesabu mpaka nafukuzwa. Juu pakianza kukauka, funika kwa kifuniko cha bati na panga makaa juu yake. Mwenye oveni atie juu tu, moto wa juu.

Kanga yangu! Hapana, haijashika. Ila... subirini, nasikia harufu. Leta simu huku. Eh, upande huu umeungua, makaa niliyarundika mahali pamoja kwa sababu ya kuwaongelesha nyinyi. Sikati video, muone. Yatawanyeni makaa, pembeni mengi, katikati machache. Nami nazungusha sufuria sasa hivi.

Chomeka kijiti, kikitoka kikavu epua. Uache upoe kwanza, ukiupindua wa moto utakatika vipande viwili. Uji uliobaki chini ya bakuli usiumwage, chomea vibibi viwili vya mpishi, vile vichapati vya mchele.

Nimeupindua. Huo. Upande ulioungua nitaukata nile mimi. Ndani umeona? Vitundu mpaka chini. Oda za Ramadhani nimeshaanza kuandika, mzima au nusu, nakuletea mpaka mlangoni, na huo hautakuwa na upande mweusi. Haya mwanangu, weka simu chini, nawa mikono, mimina chai.