Lengai Baridi, Mantili Moto

Baraka: Karibuni tena kutoka Dar es Salaam. Feni tumeizima ili mtusikie vizuri, kwa hiyo mkisikia mtu anahema, ni mimi. Dada Mwanaidi, kuna msikilizaji kauliza: lava ya Ol Doinyo Lengai, volkano yetu ya kaskazini, hutoka na nyuzi 500 hadi 600 tu, ilhali ya Hawaii hukaribia 1,200. Ina maana chini ya Lengai kumepoa?

Mwanaidi: Wala! Lava ya Lengai ni ya kaboneti yenye sodiamu tele, silika, ile inayoifanya lava iwe nzito, karibu hakuna, ndiyo maana inabaki majimaji hata kwa joto dogo. Inatoka nyeusi, ikipata unyevunyevu wa hewani inageuka nyeupe. Ukiichukua hiyo kuwa kipimo cha mantili, tabaka lile lililo chini ya ganda la dunia, utapotea.

Baraka: Basi tupime kwa nini, maana huko hakuna wa kushusha kipimajoto.

Mwanaidi: Kwa magnesiamu. Mantili ikiwa na joto zaidi huyeyuka kwa wingi zaidi, na magma yake, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini, huwa na magnesiamu nyingi. Shida ni kwamba magma hupoa njiani, na mara nyingi madini ya kwanza kuganda ni olivini, yale ya kijani. Yanabeba magnesiamu, yanazama. Kinachofika juu kimeshapungukiwa.

Baraka: Ushahidi umeibwa njiani!

Mwanaidi: Unarudishwa kwa hesabu, kaka. Mtu akitoka Kariakoo, ukijumlisha chenji aliyobaki nayo na thamani ya mizigo aliyobeba, unajua aliingia na shilingi ngapi. Wanajiolojia hurudisha olivini kidogo kidogo, mpaka magma ilingane na olivini ya mantili yenyewe. Ile, kati ya magnesiamu na chuma vilivyomo, takriban asilimia 90 ni magnesiamu. Hapo ndipo wanakokotoa joto.

Baraka: Na nikiokota jiwe lililojaa olivini zilizozama kutoka kwenye magma nyingine?

Mwanaidi: Umeingia mtegoni. Ukilisaga jiwe zima litakupa magnesiamu kupindukia, utatangaza moto ambao haupo. Ndiyo maana mimi naipenda njia ya alumini. Ndani ya olivini hukutwa punje ndogo za madini mengine, spineli, yenye alumini, na joto likipanda, alumini huingia zaidi kwenye olivini. Unapima madini mawili yaliyogusana, basi. Huhitaji kukisia magma ilianzaje. Ila inakupa joto la kuganda tu. Kufika la mantili bado kuna hesabu.

Baraka: Haya, tupe namba.

Mwanaidi: Chini ya migongo ya katikati ya bahari, ile safu ya milima chini ya maji ambako sakafu ya bahari inatanuka, mantili ikiletwa juu kwa mahesabu bila kuyeyuka, ingekuwa na nyuzi kama 1,350. Hawaii inapita 1,500, ndiyo maana watu wanasema pale kuna nguzo ya joto inayopanda kutoka kina kirefu. Kwetu Afrika Mashariki, wanasayansi Rooney, Herzberg na Bastow walichapisha mwaka 2012: ongezeko juu ya joto la kawaida la mantili linafika nyuzi 140. Ni joto la kweli, ila si la kutisha, na wakasema kaboni dayoksaidi nayo inasaidia kuyeyusha.

Baraka: Kwa hiyo mtu anaweza kusema ni gesi tu, hakuna nguzo.

Mwanaidi: Anaweza, ndipo unamletea shahidi wa pili, heliamu. Ziko aina mbili: heliamu 3 imebaki tangu dunia inaumbwa, heliamu 4 huzaliwa na urani na thoriamu. Heliamu 3 ikizidi, ni dalili ya kitu kutoka kina kirefu. Kwenye lava za migongo ya bahari, uwiano wake na heliamu 4 ni kama mara 8 ya ule wa hewani. Huko Rungwe, Mbeya, olivini zimetoa hadi mara 15, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Baraka: Subiri, si ndiyo heliamu ile ya Rukwa wanayotafuta wawekezaji?

Mwanaidi: Majirani tu hao. Ya Rukwa kwa sehemu kubwa ni heliamu 4, iliyozaliwa na urani na thoriamu kwenye miamba mikongwe ya ganda. Ina thamani sokoni, lakini kuhusu nguzo ya joto haikuambii kitu.