Msimpe Mgonjwa Nywele Timtim

Assalamu alaykum. Nimeombwa nizungumzie filamu za kale za kutisha, nami naanzia pale ninapoanzia siku zote: nywele. Kwa nini kila mgonjwa wa akili katika michezo yetu lazima awe na nywele timtim, nguo zilizochanika na kicheko cha usiku wa manane?

Tazameni Psycho ya Alfred Hitchcock, 1960. Norman Bates, anayeigizwa na Anthony Perkins, ni kijana mwendesha hoteli ndogo, nadhifu, mwenye adabu, anayemletea mgeni wa kike sandwichi na maziwa kwenye trei. Wanakaa chumba cha nyuma ya ofisi, ndege waliokaushwa wamewazunguka. Anatabasamu, anagugumia neno, anajirudi. Mwanamke yule, kwa huruma tu, anauliza kwa nini Norman asimpeleke mama yake mahali pa kutunzwa. Basi! Norman anainama mbele, tabasamu linazimika, na sauti haipandi, inakauka. Anasimulia vicheko na machozi ya hospitali za wagonjwa wa akili hadi yule mwanamke anajuta kuuliza. Kisha tabasamu linarudi! Hapo ndipo mwili unasisimka, maana umeona adabu ile inashikiliwa kwa kazi kubwa. Perkins anaigiza juhudi ya kujizuia. Wetu wanaigiza mayowe.

Baadaye mpelelezi anamhoji, na kamera inamtazama Norman kutoka chini ya kidevu. Anatafuna peremende, koo linapanda na kushuka. Koo tu, jamani!

Najua kuna atakayeniuliza: Norman si anaua, sasa mbona unatufundisha kuwasingizia wagonjwa? Ana haki ya kuuliza. Wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu; mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa. Na sisi Unguja tumeligeuza jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, kuwa tusi la kutupiana barazani, halafu tunashangaa familia zikiwafungia wagonjwa wao ndani. Kwa hivyo chukueni ufundi wa Perkins, kisu kiacheni. Niandikieni mwalimu wa skuli kule Wete, Pemba, anayesahihisha daftari lile lile usiku kucha, na mkewe anawaambia wageni kuwa bwana ana homa. Hiyo itanitisha mimi.

Na mwishoni msiniwekee daktari wa kueleza kila kitu. Hitchcock alimweka, na ndipo filamu inapolegea.

Muda unanibana. Repulsion ya Roman Polanski, 1965: mtazameni Catherine Deneuve peke yake nyumbani, kuta zinapasuka, sungura aliyechunwa anaoza, na kwa uozo ule mnajua siku zimepita. Gaslight ya 1944 msiikose, kwa sababu Ingrid Bergman mle hana ugonjwa wowote. Mumewe ndiye anayemfanya ajione anao. Tazameni mikono yake anapokitafuta mkobani kile kipambo alichopewa na mumewe, asikione. Haya, maswali.