Ingia Darasani na Kazi Yako: Mhadhara kwa Mafundi wa Mombasa Wanaotaka Kusomea Roboti

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nawashukuru walioniita, na zaidi nawashukuru nyinyi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini. Naona mashati ya kazi ya Changamwe, Shimanzi na Miritini, na naona macho ya watu waliokesha zamu ya usiku. Mumejinyima usingizi kuja hapa, kwa hivyo nitakwenda kwenye jambo lenyewe.

Nimeombwa nizungumzie kusomea uhandisi wa roboti na otomesheni, yaani mitambo inayojiendesha, huku mtu ameajiriwa. Wengi huniuliza kwanza kama inawezekana. Inawezekana. Mimi nimesoma hivyo hivyo, mchana fundi wa umeme kiwandani, jioni na Jumamosi mwanafunzi. Lakini kuna swali jengine ambalo naliona kubwa zaidi: unapoingia darasani, kazi yako unaiacha mlangoni au unaingia nayo? Mimi nasema ingia nayo. Fundi anayeshinda na mitambo ana mtaji ambao kijana aliyetoka sekondari juzi hana, na hakuna mwalimu atakayemwambia siku ya kwanza kwamba anao.

Chukueni PLC, ile kompyuta ngumu iliyo ndani ya paneli, inayopokea habari kutoka kwa sensa, yaani vifaa vya kupima na kuhisi, na kuamua mota gani iwake na vali gani ifunguke. Mwaka 1968, kitengo cha General Motors kilichokuwa kikitengeneza giaboksi kilikuwa kimechoshwa na paneli za relei, zile swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Kila modeli ya gari ilipobadilika, ukuta mzima wa relei ulifungwa waya upya. Wakataka kifaa ambacho utaratibu wake hubadilishwa kwa programu, waya zikabaki zilivyo. Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084, ikaanza kazi 1969. Na lugha ya kukiandikia programu kifaa hicho ilitolewa kwenye michoro ya ngazi ambayo mafundi umeme walikuwa tayari wakiisoma kila siku: kontakti hapa, koili pale, mstari chini ya mstari. Mpaka leo mchoro wa ngazi ni mojawapo ya lugha tano zilizoingizwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3 mwaka 1993. Kwa hivyo wewe uliyewahi kufunga kontakta ya mota ya volti 415 na kuiwekea kitufe cha kuwasha na cha kuzima, lugha hiyo ilitengenezwa ukifikiriwa wewe. Usiingie kwenye somo hilo kama mgeni.

Penye uzito ni hesabu. Nawaambieni wazi, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wazima, mafundi hodari kabisa, wakiacha masomo katika muhula wa kwanza au wa pili. Mtu hajagusa aljebra tangu kidato cha nne, leo anawekewa kalkulasi ubaoni saa moja ya usiku, mwili umechoka, na mhadhiri anaendelea mbele. Anajiona hana akili. Akili anazo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonesha kwamba ile alama ya ubaoni inasema jambo ambalo mikono yake inalijua tayari.

Nitatoa mfano wa baharini, kwa sababu tuko Mombasa. Katika somo la udhibiti mtakutana na kitu kinachoitwa PID, hesabu ya kuifanya mashine ijirekebishe yenyewe mpaka ishike kipimo kinachotakiwa. Kimejaa viwandani kote: kwenye boila, kwenye pampu, kwenye tanuri, kwenye mota zinazotakiwa zishike kasi moja. Uchambuzi wake wa kihesabu ulichapishwa 1922 na Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa Marekani, akifanyia kazi usukani wa meli za kivita. Alichofanya ni kutazama mshika usukani anavyoshika chombo katika njia yake, kisha akayaandika kwa hesabu yale anayoyafanya.

Sasa mfikirieni nahodha wa jahazi, kusi inavuma ubavuni. Jambo la kwanza analolitazama ni kombo: chombo kimetoka njiani kwa kiasi gani sasa hivi? Kombo kubwa, sukani nyingi; kombo dogo, sukani kidogo. Hiyo ni herufi P. Lakini upepo haukomi, unasukuma upande ule ule. Akitegemea hilo moja tu, chombo kitakwenda kimeachana na njia kidogo siku nzima. Nahodha anaona kwamba kombo dogo limedumu, linajikusanya, basi anaongeza sukani polepole mpaka chombo kirudi, na hapo anaiacha sukani imelala kidogo upande mmoja. Hiyo ni I. Na la tatu, chombo kinapoanza kurudi kwa kasi, hangoji kifike njiani ndipo ageuze. Anaona kasi ya mgeuko, anaanza kulegeza mapema, kisije kikapitiliza upande wa pili. Hiyo ni D. Kombo la sasa, kombo lililojikusanya, na kasi ya kombo kubadilika. Neno lile linalowatisha wanafunzi, intigrali, ni kule kujikusanya. Na ile nyengine, derivativi, ni kasi ya mabadiliko. Ukisha kuelewa hivi, ubao hauna cha kukutisha. Kilichobaki ni mazoezi, na mazoezi mafundi mumeyazoea.

Mfano wa pili uko Kilindini. Dereva wa winchi ya kontena gatini ananing'iniza mzigo kwa kamba. Akianza kusogea, mzigo unabaki nyuma kisha unabembea. Kubembea huko kuna muda wake, na hesabu yake ni fupi: chukua urefu wa kamba kwa mita, gawa kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 6.28. Kamba ya mita 20 inachukua sekunde 9 hivi kwenda na kurudi. Kamba ya mita 5 inachukua sekunde 4 na nusu. Tazameni: kamba imekuwa fupi mara nne, muda umepungua nusu tu. Na uzito haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kontena tupu na kontena lililojaa, kamba ikiwa urefu ule ule, yanabembea kwa muda mmoja. Muulizeni dereva yeyote mzoefu atawaambia kwamba mkono wake unaijua saa hiyo, na kwamba kamba ndefu ina saa yake na kamba fupi ina yake.

Tena dereva huyo ana ufundi wa kuuzima mbembeo. Anasukuma nusu, anangoja mzigo ufike mwisho wa mwendo wake wa mbele, halafu anaongeza nusu iliyobaki, na mzigo unatulia chini ya toroli, kile kigari cha juu kinachobeba kamba. Kwa kamba ya mita 20, kungoja huko ni kama sekunde 4 na nusu, yaani nusu ya muda wa mbembeo mzima. Mwaka 1957 mhandisi Otto Smith wa Marekani alichapisha kanuni ya kugawa amri namna hiyo, na mbinu za aina hiyo leo zimo katika programu za kuzuia mbembeo kwenye kreni. Nimesimama kwenye jambo hili kwa sababu nataka mjue thamani ya mliyonayo. Mwanafunzi mwenzako anaisoma kanuni hii kwenye karatasi tu. Wewe umeuona mzigo wenyewe. Mkikaa meza moja naye, yeye akusaidie aljebra, wewe umsaidie kuelewa kinachotokea, na nyote wawili mtafaulu.

Sasa shule. Pwani yetu si ngeni kwa elimu ya ufundi. Pale Tudor, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ile wazee wanaikumbuka kwa jina la MIOME. 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na 2013 kikapata hadhi ya chuo kikuu. Popote mtakapochagua, hapa au Nairobi au kwa masafa, kabla hujalipa hata shilingi moja uliza mambo mawili. Je, programu hii inatambuliwa na nani? Ukitaka kusajiliwa kama mhandisi, digrii yako lazima iwe inakubaliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Ukisoma upande wa teknolojia ya uhandisi au diploma, kuna bodi nyengine iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Na mwenye ujuzi bila karatasi aanze na mitihani ya ufundi ya NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza, imfungulie njia. La pili, omba uoneshwe maabara. Usikubali kuoneshwa picha. Uwaone wanafunzi wakigusa PLC, vali za hewa, na mkono wa roboti ulio hai. Mkono wa roboti wa kiwandani mara nyingi una viungo sita kwa sababu kitu chochote hewani kinahitaji namba sita kukieleza: tatu za mahali kilipo, tatu za kilivyoelekea. Hilo utalielewa siku utakayoushika mkono wenyewe na kuugeuza kiungo baada ya kiungo.

Kuhusu wakati sitasema mengi. Kila mtu na nyumba yake. Anayekaa Likoni ajue kwamba feri haina habari na mtihani wake. Zungumza na msimamizi wa zamu mapema, kabla muhula haujaanza, na umpe ratiba kwa maandishi. Chukua masomo machache kwa muhula hata kama yatakuchelewesha kumaliza. Zungumza na wa nyumbani pia, maana mke au mume ndiye anayebeba ile miezi ya mitihani, na ana haki ya kujua muda wake. Na tafadhalini, mtu aliyetoka zamu ya usiku asiingie kwenye paneli yenye umeme kwa sababu tu anataka kumaliza zoezi la shule.

Kuna jambo linaloniuma, na lazima nilitaje. Kuna anayesema: mwanangu ukisoma roboti utakuja kutufukuzisha kazi. Mji huu una sababu ya kuogopa. Babu zetu makuli walibeba magunia mgongoni gatini, wakagoma Januari 1947 mji mzima ukasimama, wakadai mshahara wa kuishi. Kisha kontena lilipoenea, kazi iliyohitaji migongo mingi ikawa ya kreni na watu wachache. Sitawadanganya kwamba mashine haipunguzi mikono. Inapunguza. Lakini mashine huja kwa uamuzi wa watu waliokaa mezani, na kwenye meza hiyo fundi aliyesoma anaweza kuuliza maswali ambayo mwengine hawezi: hii inayosemekana itaondoa watu ishirini, nani ataitunza? Kwa nini wasifundishwe hao hao? Ni kazi ipi ya hatari iende kwa roboti kwanza, ile ya vumbi la saruji, ya joto la tanuri, ya kunyanyua mizigo inayoharibu migongo? Nataka maswali hayo yaulizwe kwa Kiswahili chetu na watu wetu. Ndiyo maana nimekuja hapa jioni hii.

Naona mkono kule nyuma. Dada anasema anafanya kazi kiwanda cha nguo, hana vifaa nyumbani, ana laptopu ya zamani tu. Dada, inatosha kuanzia. Programu ya OpenPLC ni ya bure, na ile ya CODESYS unaweza kuishusha bila malipo. Utaandika mchoro wa ngazi na kuujaribu ndani ya kompyuta. Baadaye tafuta bodi ndogo ya Arduino, kikompyuta cha kujifunzia, na sensa moja mbili. Na ukiwa kiwandani, tazama cherehani inavyojua uzi umekatika. Uliza sensa ni ya aina gani, signali yake inakwenda wapi. Ukikuta sensa ya miliampea 4 hadi 20, jiulize kwa nini haikuanzia sifuri. Ni kwa sababu 4 maana yake kipimo ni sifuri, lakini 0 maana yake waya umekatika. Hapa kwetu, chumvi ya bahari inapokula vituo vya waya, tofauti hiyo inaokoa mashine.

Mzee wangu hapa mbele anauliza kama kampuni itakubali mwanafunzi aguse mashine yao kwa mradi wa shule. Mzee, aombe kwa maandishi, na aanze na kusoma tu: achukue vipimo, aweke rekodi za joto, za kasi, za mara ngapi mashine inasimama na kwa nini. Asibadilishe programu ya mashine inayozalisha bila ruhusa na bila nakala ya programu ya awali. Waya za kitufe chekundu cha dharura asiziguse, wala asikipitie kitufe hicho pembeni kwa waya wa muda. Kimewekewa makusudi kontakti inayopitisha umeme wakati wote mpaka kibonyezwe, ili hata waya ukikatika mashine isimame. Akiingiza mkono ndani, umeme uzimwe, swichi itiwe kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwake. Mradi ukikamilika, ampe msimamizi nakala na awafundishe mafundi wa zamu nyengine namna ya kuusoma, maana ukiharibika saa nane za usiku wao ndio watakaokuwepo.