Mashine Kuukuu ya Mahindi: Itazame kwa Punje Zake

(Mhadhara kwa wakulima wa Pwani, Mombasa)

Asalaam aleikum. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi mliovuka feri alfajiri kutoka Kwale. Karibuni.

Nimeombwa nizungumzie mashine kuukuu za mkono za kupukuchulia mahindi, hizi tunazozikuta kwa wauza vyuma chakavu. Mimi nazipenda. Hazili umeme wala petroli, na nyingi zimesubiwa, yaani zimeundwa kwa kuyeyusha na kumimina kalibuni, kwa chuma kizito kinachoweza kumtumikia baba na mwanawe.

Lakini rangi isikudanganye. Rangi mpya juu ya mashine kuukuu huziba ufa. Inyanyueni kidogo, mgonge bodi kwa spana: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa mlio butu. Yenye ufa iacheni hapohapo. Bushi iliyolika, yaani kile kipande cha bomba kinachoshika mhimili, fundi wa jua kali atakukerezea nyingine, mkono wa kuzungushia uliopotea atakutengenezea, ila chuma cha kusubu kikipasuka kukichomelea ni kazi ngumu, na mara nyingi hupasuka tena.

Sasa nendeni na mahindi yenu wenyewe, manene na membamba, yaliyokauka barabara. Mkiyapeleka mabichi yatapondeka mkailaumu mashine bure. Kuyapima ni rahisi: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Mle ndani mna sahani yenye meno inayozivua punje, na springi inayolibana gunzi. Springi ikilegea, magunzi membamba hutoka na punje zake. Ikikaza kupita kiasi, punje huvunjika. Kwa hiyo zungusheni, kisha chukueni punje kiganjani, mtazame moja moja, hasa kwenye kiini. Muuzaji akikuharakisha hapo, mwambie asubiri. Kama zinavunjika, legezeni springi mjaribu tena. Zikiendelea kuvunjika, meno yamekwisha au sahani imepinda.

Nalisisitiza hili kwa sababu ganda la punje ndilo ngao yake. Likipasuka, fukusi na kuvu hupata mlango, na kuvu ndiyo inayoleta sumukuvu. Mwaka 2004 Ukambani, Makueni na Kitui zaidi, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Chanzo kikubwa kilikuwa mahindi kuhifadhiwa na unyevu, si mashine. Lakini sisi tunaishi na hewa ya bahari, unyevu tunao mwaka mzima, na punje iliyovunjika haina pa kujificha. Kausheni unyevu usizidi asilimia 13.5, mpepete, na vipande mvitenge kabla ya kutia gunia.

Mashine za kusagia nazo zina tahadhari yake. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, kwa hiyo yenye rangi inayobanduka mahali unga unapopita msiinunue kwa chakula. Kutu ya juujuu isuguliwe kwa brashi ya waya, kisha sageni bakuli mbili tatu za mahindi na mzimwage. Mkimaliza kazi, panguseni sahani kwa mafuta ya kupikia. Oili ya gari isikaribie unga.

Na wenye mbegu za kienyeji, mdzihana na nyinginezo, mbegu ya msimu ujao msiipitishe mashineni hata ikiwa nzuri namna gani. Ipukuchueni kwa mkono.